Kioo kilichokwama, mota iliyosingiziwa: kisa cha dirisha la mlango wa abiria

Kisa hiki kinahusu dirisha moja tu la gari dogo, mlango wa mbele wa abiria. Katika muda usiofika mwezi lilibadilishiwa mota, likavunjika kioo, likalowesha kapeti, na mwishowe likarudishiwa mota ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ninakiandika kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi, na kwa mwenye gari yeyote ambaye kioo chake kimeanza kupanda kwa kusuasua na bado anajiambia atakishughulikia mwisho wa mwezi. Jina la mwenye gari, mtaa wake na aina ya gari nimeviacha. Fundi wa kwanza naye simtaji. Makosa mawili kati ya yatakayosomwa hapa ni yangu mimi.

Usuli

Gari lilikuwa la Kijapani, la milango mitano, lililoingia Dar es Salaam likiwa tayari limetumika. Wakati wa kisa lilikuwa na miaka 14 tangu litengenezwe. Mwenyewe ni muuguzi, anafanya zamu, na mara nyingi hutoka kazini usiku. Anakaa eneo ambalo barabara haijapata lami, gari linalala nje. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa muda mrefu, kwa hiyo vioo vya mbele vilifunguliwa na kufungwa kila siku, jua, vumbi na mvua.

Hayo ya vumbi na kiyoyozi nimeyauliza makusudi, na nashauri kila fundi ayaulize kabla hajagusa bisibisi. Kioo kinachoteremshwa mara 20 kwa siku kwenye barabara ya vumbi kina maisha tofauti na cha gari linaloegeshwa kivulini na kutembea kwenye lami huku vioo vimefungwa.

Tukubaliane kwanza kilichomo ndani ya mlango, maana kisa chote kimelala hapo. Kuna mota ndogo ya volti 12. Mota huzungusha gia ya parafujo, aina ya gia ambayo mota inaweza kuizungusha lakini mzigo hauwezi kuirudisha nyuma. Ndiyo sababu huwezi kukisukuma chini kioo kizima kwa mkono. Gia huvuta waya wa chuma uliosokotwa, unaopita kwenye kapi ya juu na ya chini. Waya umebana kibebeo, na kibebeo kimeshika kioo kwa boliti mbili zinazopita kwenye matundu ya kioo chenyewe. Hii yote kwa pamoja mafundi tunaiita mashine ya kioo. Kati ya boliti na kioo kuna bushi ya plastiki, nyeupe, ukubwa wa kifungo cha shati. Bushi hiyo itarudi baadaye.

Halafu kuna raba. Kioo hakipandi hewani. Kinateleza ndani ya mfereji wa raba unaozunguka fremu ya dirisha, na ndani ya mfereji kumebandikwa nyuzi laini kama mahameli. Raba hii ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja, na ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote.

Dalili zilivyoanza

Kwa maelezo ya mwenye gari, tangu kama mwezi Desemba kioo cha kushoto kilikuwa kikipanda polepole kuliko cha kulia. Mchana wa jua kilikuwa kizito zaidi. Kikifika karibu na juu kilikuwa kikiinamia mbele, kona ya mbele ikibaki chini, naye akakisaidia kwa kiganja.

Kijana mmoja wa kuosha magari alimwonea huruma, akapaka oili ya injini kwenye mfereji wa raba. Kioo kikateleza vizuri kabisa kwa wiki mbili. Baada ya hapo kikawa kizito kuliko mwanzo. Aliponisimulia hili alikuwa bado anaamini oili ilisaidia, na kwamba ilihitaji kuongezwa tu.

Mapema Machi, mvua za masika zikianza kunukia, kioo kilikwama kikiwa kimebakiza upana wa kiganja kufika juu. Ilikuwa saa 12 jioni, yeye anaingia zamu ya usiku, na gari halikuweza kulala wazi kwenye maegesho. Akabonyeza swichi mara nyingi mfululizo. Alikumbuka baadaye, nilipomuuliza, kwamba kila alipobonyeza taa ya ndani ya gari ilififia kidogo. Akaomba ruhusa ya nusu saa, akaenda kwa fundi umeme aliyekuwa karibu na kazini.

Matengenezo ya kwanza

Fundi yule alianza vizuri. Aliangalia fyuzi, ilikuwa nzima. Alijaribu vioo vingine kwenye swichi ya dereva, vyote vilifanya kazi. Alibadilishana swichi ya mlango huo na ya mlango wa nyuma, hali ikabaki ileile. Akafungua paneli ya mlango, akagusa mota, ilikuwa ya moto, na alipobonyeza swichi tena haikutoa hata mlio. Akasema mota imekufa. Alikitegua kioo kutoka kwenye mashine kwa muda, akakipandisha kwa mkono mpaka juu na kukitegemeza kwa kipande cha ubao ndani ya mlango, ili mama wa watu arudi kazini.

Kesho yake alifuata mota ikiwa pamoja na mashine yake, iliyotumika, kutoka maduka ya spea ya Gerezani. Akaifunga. Kioo kikapanda, kikashuka. Kilikuwa na mlio wa kukwaruza lakini kilipanda. Muuguzi akalipa, na hapa akafanya jambo ambalo liliokoa kazi yote ya baadaye: akaomba spea yake ya zamani. Akaiweka kwenye buti ndani ya mfuko wa nailoni akaisahau.

Nyuma ya paneli ya mlango huwa kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Fundi aliichana wakati wa kufungua na hakuirudisha. Hilo muuguzi hakuliona, na hakuwa na sababu ya kujua kwamba aliangalie.

Siku kioo kilipovunjika

Siku ya tisa, akiwa barabarani na mtoto wa dada yake, mvua ikashuka ghafla. Kioo cha kushoto kilikuwa chini kabisa. Akabonyeza, kikapanda kidogo kikasimama. Kijana akaweka viganja viwili, kimoja nje kimoja ndani, akakibana kioo na kukivuta juu, huku mama mdogo wake ameshikilia swichi.

Kikapanda kwa mshtuko, kikainamia mbele, kikalia mlio mmoja mkavu. Kijana akajikuta ana punje za kioo mapajani, na dirisha halipo.

Kwa nini punje, na kwa nini kioo chote kwa mara moja? Kioo cha pembeni cha gari hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi kiwandani, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Nje hupoa na kuganda kwanza. Ndani kinapofuata kupoa kinataka kusinyaa, kinaivuta ile ngozi ya nje. Kioo kinabaki maisha yake yote kimejibana: nje kinasukumana, ndani kinavutana. Hali hiyo inakipa nguvu kubwa ya kuhimili kishindo cha bapa, hata kiganja cha mtu mzima kinachokigonga. Udhaifu wake uko kwenye kingo na kwenye matundu. Ufa ukizidi ile ngozi na kufika ndani, nguvu yote iliyokuwa imebanwa huachiwa kwa wakati mmoja na kioo kizima hugeuka punje. Ni tofauti na kioo kikubwa cha mbele, ambacho ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati. Kile hupasuka kama utando wa buibui na kubaki mahali pake.

Kijana alipata mikwaruzo midogo vidoleni, basi. Kioo kilifanya kilichokusudiwa: kilivunjika bila kumchana.

Alifunika dirisha kwa nailoni nzito na selotepu pana. Ilishika siku mbili, kwa sababu alibandika juu ya bodi yenye vumbi na maji. Angefuta kwanza kwa kitambaa na sabuni, akaacha pakauke, ingekaa wiki. Kwa siku tano aliendesha hivyo, na siku tatu kati ya hizo mvua ilinyesha.

Gari linafika kwangu

Alifika asubuhi akitoka zamu, macho mekundu. "Fundi, mlango huu umenichosha. Nataka kioo tu, mota ni mpya."

Nikamwambia pole dada, kaa kwanza unisimulie toka siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kukwama. Alinisimulia, na alipofika kwenye ile taa ya ndani kufifia, nikaanza kuwa na wasiwasi na hukumu ya kwanza.

Sababu ni hii. Kioo cha umeme kisipoenda, kuna hali tatu na kila moja ina lugha yake. Ukibonyeza na hakuna kinachotokea, wala mlio wala taa kufifia, mara nyingi umeme haufiki: tazama swichi, soketi, na nyaya zinazopita kwenye bomba la raba kati ya mlango na bodi, maana hukatika hapo kwa kukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Ukibonyeza ukasikia mota inazunguka na kioo hakiendi, waya wa mashine umekatika au meno ya gia yamekwisha. Ukibonyeza na taa zikafifia lakini mota kimya, umeme unafika, mota inajaribu, na kuna kitu kinaizuia. Mota inayozuiwa hunywa umeme mwingi kuliko mota inayozunguka, ndiyo maana taa zinafifia. Ikiendelea kunywa inachemka, na mota nyingi za vioo zina kinga ya joto ndani inayokata umeme mpaka ipoe. Fundi aliyeigusa ikiwa ya moto na kimya alikuwa anaishika mota iliyojilinda, akadhani ameshika maiti.

Nikamuuliza ile ya zamani iko wapi. Akafikiri. Akafungua buti.

Mfuko wa nailoni ulikuwa chini ya spea tairi. Nikaunganisha mota na betri kwa waya mbili zenye fyuzi katikati. Ikazunguka mara moja, bila kusita. Nikageuza waya, ikazunguka upande wa pili. Mashine yake ilikuwa na waya mzima usio na nyuzi zilizochomoka, kapi zote mbili nzima. Na ndani ya mkunjo wa mfuko, imenata kwenye grisi, kulikuwa na bushi moja nyeupe ya plastiki.

Nilienda kwenye mlango nikamulika tochi. Kwenye kibebeo cha ile mashine iliyofungwa baadaye kulikuwa na boliti mbili. Moja ilikuwa na bushi. Nyingine, ya upande wa nyuma, ilikuwa chuma kitupu, na kwenye uzi wake kulikuwa na unga mweupe wa kioo. Chuma kilikuwa kinasaga ukingo wa tundu kwa siku tisa. Kijana alipovuta kioo upande mmoja, mzigo wote ulikwenda kwenye tundu hilo.

Mwenye gari alikaa kwenye benchi, ameishika ile bushi kwenye kiganja, akiitazama. Sikumharakisha.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kioo gani. Fundi vioo mmoja alikuwa ameshamwambia anaweza kumkatia kioo cha kawaida siku hiyohiyo, au plastiki ngumu ya kuona. Nilikataa vyote viwili na nikamweleza kwa nini. Kioo cha mlango kimepinda kidogo. Cha bapa kitabana kwenye mfereji na kuua mota kikweli safari hii. Kioo kilichokwisha kupashwa joto na kupozwa ghafla hakikatwi wala kutobolewa, kikiguswa na kikata kioo kinalipuka, kwa hiyo anayekwambia atakukatia anazungumzia kioo cha dirisha la nyumba, ambacho kikivunjika kinatoa vipande virefu vyenye ncha, shingoni mwa abiria. Alininyamazia kidogo, akasema majeraha ya vioo vya nyumba ameyahudumia, anayajua. Plastiki nayo, kwa vumbi lile, ingekuwa na ukungu wa mikwaruzo kabla mwaka haujaisha.

Tukakubaliana kioo kilichotumika, cha gari la aina hiyohiyo. Hapa nikafanya kosa langu la kwanza. Nilimpigia simu muuza spea nikamtajia jina la gari na upande, akaniletea kioo. Kilifanana kwa macho. Tulipokiweka, umbali kati ya matundu ulizidi wa kibebeo kwa kidole kizima. Gari la jina hilo limebadilishwa umbo zaidi ya mara moja, na kile kilikuwa cha toleo la nyuma. Tulipoteza siku.

Siku ya pili nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilichomoa kioo cha kulia kilicho kizima, nikakilaza juu ya boksi, nikachora umbo lake na matundu yake kwa kalamu ya wino mzito, nikakata, nikaligeuza boksi upande wa pili. Mlango wa kushoto ni kivuli cha wa kulia. Nikachukua pia namba ya chasi. Nikaenda mwenyewe, nikapitisha boksi juu ya vioo vinne mpaka kimoja kikakaa sawasawa. Kwenye kona yake ya chini nilisoma maandishi madogo: jina la kiwanda, neno TEMPERED, na herufi E ndani ya duara na namba 43, ambayo ndiyo namba ya Japani katika alama hizo. Nikapitisha ukucha kwenye kingo zote na kuzunguka matundu. Kioo chenye mkwaruzo katikati kinaweza kuishi; chenye kidonda ukingoni usikichukue hata ukipewa bure.

Uamuzi wa pili ulikuwa mashine ipi irudi. Nilirudisha ya zamani. Haikuwa na ulegevu, na ile iliyonunuliwa ilikuwa na mchezo kwenye kibebeo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutokufunga chochote kabla ya kumaliza kesi ya raba. Nilikiingiza kioo kwenye mfereji bila mashine, nikamwita kijana anayejifunza kwangu akipandishe kwa mkono. Kioo kisichofungwa kwenye mashine, ndani ya raba nzuri, hupanda kwa vidole vichache bila kujikaza. Kijana alitumia mikono miwili na akaguna. Hapo ndipo kesi ilipokwisha. Jaribio hilo linachukua dakika mbili, na lingefanywa siku ya kwanza kabisa muuguzi angelipa raba akaenda zake.

Nilivuta raba yote kutoka kwenye fremu. Kwenye kona ya juu ya mbele, mahali kioo kilipokuwa kikiinamia, nilikwangua kwa kijiti cha mshikaki tope jekundu lililokauka kama ugoro uliogandamana. Ni vumbi la barabara lililoshikwa na ile oili. Chini yake mahameli yalikuwa yamekwisha, raba tupu imevimba na kunata. Oili ya injini huwa inafanya hivyo kwa raba za namna hii: inailainisha leo, inaivimbisha kesho, na kila punje ya vumbi inayopita inakaribishwa kukaa. Nikaiosha kwa sabuni nione kama itafaa. Ilisafishika, lakini bila mahameli ilikuwa inakishika kioo kama mkono. Tukanunua mpya.

Kufunga, na kazi ya chini ya mlango

Punje za kioo huwa zinateremka ndani ya mlango. Watu wengi hufyonza zile za kwenye kiti wakaridhika. Sisi tulifyonza sakafu ya mlango, kisha mfereji wa raba, kisha reli ya kiti, tukiwa na glavu na miwani. Usitumie hewa ya kompresa hapo. Punje zitakurudia usoni. Punje moja ikibaki kwenye mfereji itachora mstari kwenye kioo kipya mara ya kwanza kinapopanda.

Chini ya mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji. Hayapo kwa bahati mbaya. Raba ya nje ya dirisha haizuii maji yote. Kila mvua inaponyesha maji huingia ndani ya mlango, na mlango umeundwa kuyatoa chini. Matundu mawili kati ya matatu yalikuwa yamezibwa na punje na tope. Nilipoyazibua kwa waya laini, maji yalitoka ya siku kadhaa, ya rangi ya chai.

Kioo tulikiingiza kwa kukiinamisha, kona ya mbele ikitangulia. Boliti zote mbili zikiwa na bushi zake, ile ya kwenye mfuko ikarudi nyumbani. Boliti zilishikizwa bila kukazwa. Tukapandisha kioo mpaka karibu na juu ili kijipange chenyewe ndani ya mfereji, na kikiwa pale juu ndipo tukakaza, kwa mkono wa wastani. Ukikaza kikiwa chini unakifunga kikiwa kimepinda, na utalaumu mota tena. Raba ilipata silikoni ya kupuliza, siyo grisi, siyo oili.

Mwisho nailoni. Nilikata mpya, nzito, kwa kufuata alama za gundi nyeusi ya zamani, na gundi ile ile ikalainika kwa jua la saa sita na kushika. Jambo moja tu ni la kushika hapa: ukingo wa chini wa nailoni lazima uingizwe ndani ya mlango, si kuachwa nje. Maji yanayotiririka juu yake yadondokee ndani ya mlango na yatoke kwenye matundu. Ukiuacha nje, yanadondokea kwenye kapeti.

Kabla ya kurudisha paneli tulimwagia kioo maji kwa ndoo, polepole, kama dakika kumi. Yalitoka yote chini ya mlango, upande wa ndani wa nailoni pakabaki pakavu. Tukapima na muda: kioo cha kulia kilipanda kwa sekunde nne, cha kushoto kwa sekunde nne na kitu.

Matokeo

Dirisha lilifanya kazi. Lakini baada ya wiki moja muuguzi alirudi, analalamika harufu. Hilo ni kosa langu la pili. Nilijua maji yalikuwa yameingia kwa siku kadhaa, nikapapasa kapeti kwa juu, nikakuta imekauka, nikaridhika. Chini ya kapeti huwa kuna sponji nene, na sponji ilikuwa bado imelowa chepechepe. Tulitoa kiti cha abiria, baada ya kutenganisha betri kwa sababu chini ya kiti kulikuwa na soketi ya njano, rangi ya nyaya za mifuko ya hewa, ambayo haichezewi betri ikiwa imeungwa. Tukainua kapeti, tukaanika sponji juani siku nzima. Bati la sakafu lilikuwa na alama ya kutu changa upana wa sahani. Kwa kuunga tena betri, kioo cha dereva kikasahau kupanda kwa mguso mmoja. Tukakipandisha mpaka juu na kuendelea kushikilia swichi kwa sekunde chache, kikakumbuka. Kazi hiyo ya pili sikumtoza.

Uchambuzi

Fundi wa kwanza hakuwa mzembe wala mwizi. Alifuata mpangilio mzuri wa fyuzi, swichi, mota, na kila alichokiona kilikuwa cha kweli. Alichokosa ni swali moja: kama mota imechemka, imechemshwa na nini? Mota ndiyo iliyokuwa ya mwisho kulalamika, akaihukumu. Mota ya pili akaiweka kwenye mzigo uleule, nayo ikaweza kwa siku tisa kabla ya kujilinda kama mwenzake. Shinikizo la muda lilichangia. Mteja amesimama mlangoni, ana zamu, mvua inakuja. Katika hali hiyo kile cha kukipandisha kioo na kukitegemeza kwa ubao kilikuwa uamuzi mzuri kabisa, na kingeweza kununua siku mbili za kuchunguza kwa utulivu.

Bushi iliyosahaulika ina asili yake. Alifungua kwenye mwanga wa jioni, akatoa mashine yote kwa pamoja, na bushi ikaondoka imenata kwenye ile ya zamani. Tangu kisa hiki, karakana yetu inaweka sahani ya bati kwenye kila kazi ya mlango. Kila kinachotoka kinaingia humo kwa mpangilio, na paneli hairudi mpaka sahani iwe tupu.

Kwa upande wa mwenye gari, lililomsaidia kuliko yote ni kuomba spea yake ya zamani. Bila mfuko ule ningekuwa nakisia tu. Lililomwumiza ni miezi mitatu ya kukisaidia kioo kwa kiganja. Kioo kinachohitaji mkono kinasema raba imekwisha, na ukikivuta upande mmoja kinapinda na kuweka mzigo wote kwenye tundu moja. Kikikwama mvuani na huna la kufanya, achia swichi, subiri dakika kumi mota ipoe, kisha jaribu tena huku mwenzako akikisukuma kwa viganja viwili, kimoja mwisho wa mbele na kingine mwisho wa nyuma wa kioo, kwa usawa, bila nguvu.

Mimi nilishinda kwenye uchunguzi, nikashindwa kwenye ununuzi na kwenye kapeti. Yote mawili yanatoka mahali pamoja: nilishajua jibu la mota, furaha ikanifanya niharakishe yaliyobaki. Boksi la kuchorea sasa linakatwa kabla ya simu kupigwa. Na gari lolote lililoingiwa maji tunanyanyua kapeti, hata kama juu pamekauka.

Julai, masika yakiwa yamepita, alileta gari kwa ajili ya breki. Kioo cha kushoto kilipanda kwa sekunde nne. Cha kulia, ambacho hakikuwahi kumsumbua, kilichukua saba. Tukavuta raba yake, tukaiosha, mahameli bado yalikuwepo.